Kidole Kilichozidi

Mylapore, Madras
24 Novemba 1986

Mpendwa Shangazi Akhilandam,

Shikamoo, na hiyo miguu naishika kwelikweli ingawa iko Kumbakonam na mimi niko huku. Sisi wazima. Mama mkwe goti limepungua kuuma tangu apate wa kumtuma darini kuanika nguo. Anauliza ile achari ya ndimu uliyonifungia kwenye sanduku la harusi uliitia chumvi kiasi gani, lakini anauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kukosoa, kwa hiyo usimjibu. Baba mkwe anasoma gazeti lote hadi matangazo ya vifo, kisha anatusomea na sisi. Mvua zimekatika juzi.

Shangazi, nina furaha mpaka naona aibu. Kila asubuhi Pasupathi anakaa barazani na mridangam wake mapajani, anakanda donge dogo la unga na kulibandika upande wa kushoto wa ngoma ili sauti iwe nzito, na mimi nasimama mlangoni na ndoo ya maji kama mtu aliyesahau nyumba inaelekea wapi. Hivi kuna mtu aliwahi kupenda mtu kwa sababu ya jinsi anavyokanda unga? Pasupathi akigonga, mbavu zangu zinaitika. Pasupathi akinyamaza, nasikia asumini kwenye nywele zangu. Unacheka, najua.

Sasa jambo lenyewe. Mpiga ngoma aliyemfuata Mzee Adimulam miaka ishirini amepasuliwa bega. Mzee Adimulam, Shangazi! Sauti ile! Amempa Pasupathi nafasi tarehe 21 Desemba, saa kumi jioni, kwenye ukumbi wa chama cha muziki cha mtaa wetu. Fidla ni Mzee Natesan, na chungu, kile cha udongo kinachopigwa kwa vidole kama ngoma, atapiga Mzee Kuppusami. Nilimuuliza Pasupathi, "Mazoezi mtafanya lini?" Akanitazama kama nimemuuliza mazoezi ya kupiga chafya. Kumbe hao wazee hawafanyi mazoezi kabisa. Wanakutana jukwaani, mmoja anatupa, mwingine anadaka. Na isitoshe, Mzee Adimulam na Mzee Natesan hawajasemezana miaka kumi na mmoja, tangu siku Natesan alipojibu kifungu cha dakika sita kwa dakika saba.

Pasupathi asipokosea, mzee atamchukua mwaka mzima, miji yote. Akikosea, anarudi kupigia madarasa ya ngoma ya watoto, ambako alikaa miaka sita. Hasemi, ila usingizini anahesabu kwa vidole kwenye mkono wangu.

Nitakaa safu ya mbele. Ameniambia, "Nikiona mkono wako, nitatulia." Nimeiandika sentensi hiyo nyuma ya kalenda.

Mwanao mwenye bahati,
Abhirami


Kumbakonam
3 Desemba 1986

Abhirami,

Barua imefika, na jina la mumeo nimelihesabu mara sita katika ukurasa mmoja. Zama zetu mke alikuwa akimwita mumewe "yule" mpaka kaburini. Sikukatazi. Nakwambia tu kwamba nimehesabu.

Huku ng'ombe wa jirani amezaa. Paa la jiko linavuja palepale. Chumvi ya achari ni vikombe viwili, na mwambie mama mkwe wako kwamba ndimu hazina haraka, watu ndio wana haraka.

Sikiliza. Ukikaa mbele, umekaa kazini: mkono wako unahesabu mapigo ya wimbo, na mpiga ngoma anaufuata. Kofi, kidole kidogo, cha pete, cha kati. Kofi, pindua kiganja. Kofi, pindua. Hiyo ni nane, na nane haiongezeki kwa sababu mtu ana nywele nzuri. Kidole cha shahada hakina kazi hapo, kilaze. Nimekuchapa magoti kwa upepeo miaka saba ili mkono wako ujue njia hata ukiwa umelala. Usimtazame mumeo usoni.

Huyo mwimbaji simjui vizuri. Ila wakati wa ngoma, yeye huweka hesabu chini na kunywa maziwa ya moto. Huyatia iliki nyingi. Angalieni hapo.

Shangazi yako


Mylapore
23 Desemba 1986

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo! Mama mkwe amesoma ile habari ya ndimu, akakaa kimya nusu siku, na hicho ni kipindi kirefu kuliko vyote tangu nije. Baba mkwe ana mafua. Mimi nina furaha ya kupasuka.

Lo, onyesho! Nilivaa ile sari ya kijani uliyonichagulia. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa jukwaani nyuma ya wanamuziki. Kulia kwangu kulikuwa na mama mmoja mnene ambaye kila wimbo ukianza alimnong'oneza mwenzake jina la mtindo wake, akikosea anasema, "Nilikuwa nakujaribu." Mzee Adimulam aliingia, akasafisha koo, akamwambia Mzee Kuppusami bila kugeuka, "Kuppu, mwambie wa fidla akaze uzi wa pili." Mzee Natesan akajibu, "Kuppu, mwambie uzi umekaza, masikio ndiyo yamelegea." Halafu wakaanza, na Shangazi, sijui nikwambieje. Watu wawili wasiosalimiana! Mmoja alitupa sauti juu, mwingine akaipokea kwa upinde kabla haijaanguka, akairudisha ikiwa imevishwa. Nililia asumini zikalowa.

Kisha ikafika zamu ya ngoma, ngoma na chungu peke yao, na kama kawaida ya watu wastaarabu wa mji huu wanaokufa kwa kupenda muziki, nusu ya ukumbi iliinuka kwenda kantini. Inasemekana vada za chama chetu, zile bajia za moto, zinaisha mapema. Yule mama mnene aliondoka na mkoba. Hata mhakiki wa gazeti, Bwana Sabesan, alikwenda mbio. Safu ya mbele nilibaki mimi.

Kila kitu kilikwenda vizuri sana.

Nimekukatia kipande cha gazeti la leo. Soma mwenyewe anavyosema: "Kilele kilikuwa pale ngoma ilipotua, si mahali ilipotarajiwa, bali pigo moja mbele, na mabingwa wote wanne, bila neno, bila ishara, wakazaliwa hapo kwa pamoja. Sikio la mwandishi huyu halijawahi kukutana na ushirikiano wa papo kwa papo wa namna hii. Tuuite Pigo la Tisa." Mama mkwe ameusomea mtaa mzima kutoka darini.

Redio itarusha onyesho lote tarehe 28, saa kumi na mbili jioni. Sidhani kama una haja ya kusikiliza, najua saa ile huwa una kazi nyingi.

Abhirami


Kumbakonam
2 Januari 1987

Abhirami,

Ndama anaendelea vizuri. Paa bado.

Nilisikiliza.

Bwana Sabesan wako alisikia nini akiwa na vada mdomoni, hilo aulizwe yeye. Mimi nilikuwa nahesabu kwenye mkeka. Ngoma ilikwenda sawa mpaka mzunguko wa tatu kutoka mwisho, halafu ikapata pigo ambalo halikuwepo. Mumeo hakukosea, mtu aliyekosea hupapasa, yeye alitua kwa uhakika wote. Alitua pale alipoonyeshwa.

Nani alikuwa anahesabu?

Shangazi


Mylapore
9 Januari 1987

Shangazi wangu,

Shikamoo. Wote wazima. Mafua ya baba mkwe yamehamia kwa mama mkwe.

Ni mimi.

Ilikuwa hivi. Zamu ya ngoma ilipoanza, Mzee Adimulam aliacha hesabu akafungua chupa yake ya maziwa, kama ulivyosema (na wewe ulijuaje?). Alidhani Mzee Natesan atashika hesabu. Mzee Natesan alidhani hiyo si kazi yake, ni ya mwenye maziwa, na akaanza kupaka upinde wake nta. Kuulizana hawawezi. Mzee Kuppusami mikono yote miwili imo kwenye chungu. Kwa hiyo katika ukumbi wa watu mia sita, mkono uliokuwa ukihesabu ulikuwa wangu.

Na nilihesabu vizuri, naapa! Muda wote macho yangu yalikuwa kwenye sakafu. Halafu karibu na mwisho nikasema, mara moja tu. Nikainua macho. Alikuwa ametota jasho, nywele zimemwangukia usoni, na akazirusha nyuma kwa kichwa kwa sababu mikono haina nafasi, na akanitabasamia, Shangazi, mimi, mbele ya dunia nzima. Kidole kidogo, cha pete, cha kati, na kile cha shahada nacho kikashuka, polepole, kama kimeitwa.

Yeye akakifuata. Mzee Kuppusami akamfuata yeye. Wakatua mahali pasipo na kitu. Nikaona kiza. Lakini Mzee Adimulam, na maziwa bado mdomoni, alimeza na kudaka ule mstari wa wimbo palepale, wala hakushtuka; akavuta neno moja likajaza pengo, Mzee Natesan akalirefusha kwa upinde, Mzee Kuppusami akarusha chungu juu na kukidaka, na tukawa tumefika nyumbani. Wale wa kantini walirudi wakakuta makofi, wakapiga na wao.

Sasa balaa. Kila mmoja anadai Pigo la Tisa ni lake. Mzee Natesan amewaambia wanafunzi wake kwamba alilipanga tangu asubuhi. Mzee Kuppusami anasema liko ndani ya chungu, babu yake alilikuta humo. Mwalimu mmoja wa hapa mtaani ameandika kwamba limechongwa kwenye ukuta wa hekalu, ila ukuta ulianguka. Na Bwana Ramabadran, katibu wa chama, ameitisha onyesho lingine keshokutwa, na kadi za ratiba zimechapwa hivi: "Saa 11:10 hadi 11:25 jioni: Mabingwa Watashtukizana." Kamati ilikaa mara tatu kukubaliana washtukizane saa ngapi, kwa sababu saa kumi na moja kamili kuna hotuba ya mgeni rasmi.

Na Pasupathi hali chakula. Anakaa barazani, unga unamkaukia mkononi. Jana alisema, "Mzee hajaniambia hata neno moja tangu siku ile." Ameshika kichwa, na anadhani amekosea yeye. Anadhani mimi sijui! Ananificha ili nisiumie. Nami namficha ili asinichukie. Tunapakuliana chakula kwa upole wa kutisha. Nikimwambia ukweli, atajua kwamba mkono aliotulia nao ndio uliomwangusha. Nisipomwambia, anajidharau bure, na mzee akimwacha atarudi kwenye madarasa ya watoto akiwa ameinamisha kichwa kwa kosa langu.

Nifanye nini? Nijibu upesi.

Abhirami


Mylapore
4 Februari 1987

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Wiki nne hujanijibu. Kaka wa jirani aliyetoka huko anasema u mzima, unakwenda sokoni, paa limezibwa. Basi ni mimi ndiye usiyetaka kumjibu, au ni jambo lenyewe.

Nakuandikia hivyohivyo kwa sababu siwezi kunyamaza.

Kwanza, ile siku ya kushtukizana. Safari hii hakuna aliyekwenda kantini, na mwenye kantini amelalamika kwa maandishi kwamba vada mia mbili zimemlalia. Saa kumi na moja na dakika kumi Bwana Ramabadran akasimama pembeni, saa mkononi, akainamisha kichwa kama mtu anayefungulia treni. Mzee Adimulam akamngoja Mzee Natesan ashtukize. Mzee Natesan akangoja kushtukizwa. "Kuppu, mwambie aanze yeye." "Kuppu, mwambie ratiba imeandika jina lake kwanza." Dakika nzima ikapita. Dakika mbili. Kisha Mzee Kuppusami akapiga chafya, ndani ya chungu, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi! Bwana Sabesan ameandika safu mbili kuhusu "ujasiri wa kimya". Pasupathi peke yake hakucheka.

Siku nne baadaye Mzee Adimulam akatualika chakula cha mchana, kama maharusi wanavyoalikwa. Nyumba yake imepoa, Shangazi, mkewe alifariki miaka tisa iliyopita na mpishi anasahau kukaanga mbegu za haradali. Tulikula kwenye majani ya mgomba, hakuna anayemtazama mwenzake. Mzee alipokunja jani lake, Pasupathi akasema, "Bwana, siku ile nilikosea hesabu," na mimi, sijui nani alinisukuma, nikasema kwa sauti kubwa juu ya sauti yake, "Si yeye, ni mimi!"

Tukatazamana. Shangazi, uso wake! Akasema, "Wewe ulijua?" Nikasema, "Kidole ni changu." Akasema, "Mimi nilidhani nimesahau kuhesabu. Nilidhani nimekwisha kabisa." Na akashika mkono wangu, ule ule, mbele ya mwenyeji, na mchuzi bado uko kwenye vidole!

Mzee akasema, "Binti, lete mkono huo hapa. Hesabu." Akaanza kuimba taratibu, bila ala. Nikahesabu, macho kwenye sakafu, naapa. Mzunguko wa nne akanyamaza.

"Nani alikufundisha kuinua kidole gumba unapopindua kiganja?"

"Shangazi yangu, wa Kumbakonam."

Akaweka kikombe chini.

"Akhilandam bado anachapa watu magoti kwa upepeo?"

Shangazi, jina lako sikuwa nimelitaja!

Akamwambia Pasupathi: "Wenzangu wanadai tisa ile ni yao. Waongo. Mwaka 1953, hekaluni, kuna msichana alikuwa akikaa mbele, kushoto. Mkono kama saa ya stesheni. Siku moja nilimtabasamia na akazidisha kimoja, mimi nikaanguka mbele ya mji mzima. Nikarudi nyumbani nikatafuta jibu usiku kucha, nikalipata. Kesho yake nikaenda nimtolee jibu, kiti kiko wazi. Nimetembea na jibu hilo miaka thelathini na mitatu. Desemba ngoma yako ilipotua pale, nilitaka kulia. Nilikuwa na maziwa mdomoni."

Pasupathi akauliza, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi..."

"Wewe utapiga nami mpaka mwisho wa mwaka. Na mkeo nitamtafutia kiti cha safu ya tano."

Nimelia, nimecheka, nimekula jani la pili la wali mkavu.

Hukuwahi kuniambia kwa nini huendi kwenye maonyesho. Nilikuwa nikidhani ni mgongo. Mzee anasema mwezi wa Machi, kwenye sherehe ya Panguni, ataimba hekaluni kwenu, na kwamba kiti cha mbele, kushoto, hatakubali kamati impe mtu. Amesema nikuandikie hivyo halafu ninyamaze. Nimejaribu.

Kwa mapenzi makubwa kuliko karatasi hii,
Abhirami

(Pasupathi anakusalimu. Pasupathi. Pasupathi. Hesabu.)


Kumbakonam
29 Machi 1987

Abhirami,

Mumeo amelala hapa siku mbili, amekula vizuri, amenizibia tena paa. Amesema hukuweza kupanda treni kwa sababu ya kichefuchefu cha asubuhi, akawa mwekundu mpaka masikioni. Hilo tutalizungumza uso kwa uso. Mwambie mama mkwe wako asikupe achari, hata kama unaitamani.

Uliuliza kwa nini niliacha. Babu yako alisema kuimba si kazi, na binti yake hatakaa mbele ya mtu asiye na kazi. Hilo ndilo jibu, halihitaji karatasi ya pili.

Sikukusudia kwenda. Nilipita hekaluni kununua maua, na maua siku ile yalikuwa karibu na jukwaa. Kiti kilikuwa kitupu. Mwanakamati mmoja alikuwa amekilalia mkono akisema, "Mama, hapa pana mwenyewe." Nikamwambia, "Ndiye mimi," akaondoa mkono.

Amezeeka. Tumbo limekuja. Alisafisha koo, akatazama kiti, akasafisha tena. Mzee Natesan akasema, "Kuppu, mwambie leo tuna watu, aimbe."

Niliweka macho chini, kama nilivyokufundisha. Ngoma ilipoanza, akaacha hesabu akamimina maziwa. Natesan akapaka upinde wake nta. Watu wakaenda kula. Mumeo akatafuta mkono, akauona wangu, akatulia.

Nilihesabu nane vizuri sana, Abhirami. Mizunguko arobaini na zaidi, hakuna ulioyumba. Kisha, karibu na mwisho, nikainua macho kwa makusudi. Kofi, kidogo, cha pete, cha kati. Na cha shahada.

Mumeo alikiona, akacheka, akakifuata. Kuppusami akamfuata yeye. Wakatua kwenye tisa.

Mwenye maziwa alikuwa ameshafika hapo, amekaa, ananingoja.

Shangazi yako,
Akhilandam